Mwanamke Niliyemfuta Kabla ya Eda Kwisha

Miaka ile ya vita vya shifta nilikuwa karani wa vibali, Garissa. Elimu yangu ni ya darasa la saba, tena ya kupita kwa kuchechemea, kwa hiyo nikikosea mambo ya sheria nisamehewe. Daftari nililokuwa nikiandikia mambo ya kila siku lililiwa na mchwa, likabaki nusu. Haya nayatoa katika nusu hiyo, na mengine kichwani, na kichwa changu sikiamini sana.

Kazi yangu ilikuwa kuandika watu waliozaliwa ng'ambo ya mpaka. Mwanamke wa ng'ambo akiolewa na mtu wa hapa, aliandikwa chini ya jina la mumewe. Kibali chake cha kukaa kilikuwa ni ile ndoa. Ndoa ikivunjika hana pa kusimama: anapandishwa lori kwenye msafara wa jeshi, anashushwa mpakani.

Asubuhi moja akaja mfanyabiashara wa ng'ombe, mzaliwa wa hapa hapa. Hakutaka kukaa.

"Karani, mke wangu nimempa talaka. Nimekuja kusema mwenyewe, isije ikaonekana nimeficha."

Nilijua kwamba wanajeshi walikuwa wamemhoji mara mbili kuhusu shemeji yake, kaka wa huyo mke, aliyedaiwa kuwa msituni na shifta. Nikadhani anamtupa mke ili ajiokoe. Sikuuliza. Nikachukua wino mwekundu, nikapiga mstari juu ya jina la mwanamke. Kwetu bara mke akiachwa hufunga vitu vyake jua lile lile akarudi kwa baba yake, ng'ombe wa mahari wakirudishwa mambo yamekwisha. Kwamba kuna kuachwa kwa namna nyingine, sikujua. Ofisa wangu hakuwa mtu mbaya, alisaini nilichomwekea mezani. Barua ikatoka: aondoke katika siku saba. Watoto wake wawili, kwa kuwa baba yao ni wa hapa, wangebaki.

Siku ya tatu akaja mwenyewe, kibuyu cha maziwa ya ngamia mkononi, akaipita foleni yote.

"Warya, we karani! Nani amekwambia mimi si mke wa mtu?"

"Mumeo, mama. Alikuja mwenyewe."

"Alikwambia ameniacha, au alikwambia mimi si mke wake?"

Nikamwambia naona ni kitu kimoja. Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akasema, "Msamehe, abayo, dada yetu. Huyu kwao hawahesabu eda."

"Nalala wapi mimi?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Nalala kwake. Chai ya leo asubuhi, sukari ni yake. Talaka ni moja, niko ndani ya eda, miezi mitatu, na hata mmoja haujaisha. Akitaka kunirejea, ananirejea. Mungu amemkataza kunitoa nyumbani, halafu wewe na kikalamu chako ndio mnitoe?"

Nilimpeleka kwa ofisa. Ofisa akamsikiliza mpaka mwisho, akatuma askari amwite mume. Tulipokuwa tukingoja, naandika hili kwa aibu, niliomba moyoni yule bwana aseme "si mke wangu", kosa langu lifunikwe.

Akaja, akasimama mbali na mwanamke, hakumtazama hata mara moja.

"Umemwacha?" ofisa akauliza.

"Nimemwacha, moja."

"Basi si mkeo."

"Ni mke wangu mpaka eda iishe, Bwana Ofisa."

"Na kaka yake?"

"Kaka yake sijui aliko. Huyu ndiye najua aliko. Yuko kwangu."

Ofisa akashusha sauti. "Sema tu si mkeo, na habari za shemeji hutaulizwa tena."

Yule bwana akafikiri. "Nitakuwa nimesema uongo," akasema. "Nikifa leo, huyu ananirithi. Mtu anayekurithi utasema humjui?"

Nimeshawaona watu wakimtetea wampendaye, na hilo halinishangazi. Huyu alikuwa na hasira naye bado, shingo ilimvimba kwa hasira. Ugomvi wao sikuujua na siwezi kusema nani alimkosea nani. Lakini kulikuwa na kitu kilichomshika pale, kikubwa kuliko hasira yake na kuliko hofu ya jeshi, nami niliyejiona mtu wa kanisa nilikitazama kama mtu anayeutazama mto Tana umejaa kwa mara ya kwanza.

Ofisa akaizuia barua. "Miezi hii iliyobaki, mama, omba kibali kwa jina lako mwenyewe. Lete mashahidi wawili waliokuona ukiishi hapa."

Shahidi wa kwanza kuja alikuwa mumewe. "Nimemwona hapa miaka tisa," akasema. "Mdomo wake mkali, lakini kitu cha mtu hajachukua."

"Na mdomo uandike, karani," mwanamke akasema. "Usiuache." Hapo hata ofisa alicheka. Mume akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akaondoka.

Nilitazamia atamrejea. Hakumrejea. Labda nilitaka hivyo kwa sababu mimi hupenda mambo yaishe vizuri.

Kibali kilipotoka, alikuja kukichukua. Nilimfungulia mstari wake peke yake, hakuna jina la mtu juu yake. Nilipofika pa kuandika hali ya ndoa, kalamu ikabaki hewani.

"Mbona huandiki?"

"Naogopa kukosea tena, mama."

"Eda imekwisha jana. Leo niandike nimeachwa."

Nikaandika, kwa wino mweusi. Alisimama mpaka ukakauka, akachukua kibuyu chake, akaenda mtaa wa Waberi, alikopanga chumba akae na wanawe.