Gogo Tuliloburuta Mteremko wa Newala

Siku ya kwanza ya kazi ya utingo, msaidizi wa dereva wa lori, nilifika gereji ya Masasi pekupeku. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la tano ili wadogo zangu watatu wale. Dereva Mkuu, mzee wa Lukuledi, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua kichwa, akanikabidhi gogo la mninga lililofungwa kamba ndefu.

"Gari likisimama mlimani, unashuka, unalitia mbele ya tairi la nyuma," alisema. "Kwenye ukungu unaliburuta, kamba ukiishika dirishani."

"Kwa nini, mzee?"

"Utingo aliyekutangulia alishuka likiwa linakwenda, likamkanyaga. Alidhani limesimama."

Sikumwamini. Nani asiyejua gari linakwenda?

Kazi yetu ilikuwa kuteremsha korosho kutoka Mkunya, juu mlimani, hadi Masasi. Lori likishuka, uzito unalivuta chini, na msuguano wa breki na injini unalishika. Nguvu hizo zikilingana, mwendo hauongezeki wala haupungui, na mwili hauhisi kitu. Ukungu wa masika ukifunika hata kioo cha pembeni, utaapa umetulia kibarazani kwenu. Kamba pekee ilisema kweli. Ilivuta kiganja kwa nguvu ileile, kona hadi kona, kama mtu anayeongozwa na hataki kuja.

Asubuhi moja barabara ilikuwa tope laini, halina hata mtikisiko. Dereva Mkuu alikanyaga breki, akazima injini. Kimya. Ukungu ulikuwa mweupe pande zote.

"Tumesimama. Shuka uweke gogo."

Nilifungua mlango. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje nilipohisi kiganja. Kamba ilikuwa imekaza.

"Mzee, bado inavuta."

"Nimekanyaga mpaka chini. Unaogopa matope, bibi harusi?"

"Inavuta, mzee. Nina wadogo zangu watatu. Sishuki."

Alinyoosha mkono, akaishika kamba mwenyewe. Akahisi mvuto uleule. Breki zilizopata moto zilikuwa zimebakiwa na nguvu ya kulingana na mteremko tu: hazikutosha kutusimamisha, wala hazikutuachia tukimbie. Tulikuwa tukishuka, taratibu, bila sauti. Alikata usukani hadi ubavu wa lori ukasaga ukuta wa udongo. Hapo ndipo kamba ililegea.

Niliposhuka nilifuata alama zetu za tairi nyuma. Tangu alipozima injini zilikuwa zimenyooka hatua zaidi ya sitini, na mfereji wa gogo katikati ya tope. Ningeinama mbele ya tairi lile.

Hakunitania tena. Baadaye nami niliendesha, kisha nikafundisha madereva. Msimamizi wa Usafirishaji, kijana msomi, aliniuliza, "Baba, tuna breki za upepo, kamba ya mbuzi ya nini?" Nilimpa aishike mara moja, kwenye ukungu. Hakuuliza tena.

Sasa nimestaafu, naishi Newala. Wadogo zangu wote watatu walisoma mpaka wakamaliza. Gogo liko nyuma ya mlango, limelika upande mmoja.

Lakini zipo asubuhi ukungu unapopanda kutoka bondeni, nimeketi, kila kitu kimetulia, na kiganja changu kitupu kinavutwa. Si kwa nguvu. Mwendo mmoja tu. Mke wangu huniita nikanywe chai. Siinuki mpaka kamba ilegee.