Leota na Nyumba ya Kuungua Mara Moja

Leota Brandvold alikuwa mwoga, na sisemi hivi kumsengenya. Tulikaa meza moja katika chumba cha kukatia filamu pale Hollywood, miaka ile picha zilipokuwa bado bubu. Filamu zetu zilishika moto upesi kama petroli, naye akinusa sigara tu anatetemeka. Lakini kwa mkasi hakuwa na mpinzani.

Ndipo bosi, Bwana Pruitt, alipompa picha aongoze. "Moja tu, Bi Leota. Ukiiharibu, unarudi mezani mpaka uzeeke."

Alinishika mkono. "Winnie, naogopa."

"Ogopa huku unafanya kazi." Mimi sibembelezi watu.

Tukio kubwa lilikuwa nyumba ya mbao kuungua, na nyumba ilikuwa hiyo moja. Moto ukawashwa. Idabelle, mwigizaji, akafika mlangoni mbio. Leota, kwa mazoea ya mezani, akaona pale ndipo angetia mkasi. Akapaza sauti, "Kata!"

Jamani! Neno hilo humsimamisha kila mtu. Mwongozaji huacha kamera iendelee, mkataji apate pa kuunganishia. Na Idabelle, mtiifu wa kijinga, akasimama palepale mlangoni, moto mgongoni. Leota akapiga yowe, akamkimbilia, kisha akamgeukia mpiga picha: "Otis, acha kamera! Njoo usaidie!" Otis alikuwa ameganda kwa hofu, mkono tu ukizungusha mpini wa kamera. Idabelle akachomoka kwenye moshi, mzima. Nyumba ikaanguka.

Filamu iliposafishwa, mezani tukaona balaa: Idabelle akitoka, na Leota kajaa mbele ya kamera, macho yamemtoka. Kipande kingine hakikuwepo, na bosi alikuwa anakuja kutazama mchana uleule. Leota akalia.

"Kiunganishe," nikamwambia. "Picha haina sauti. Wataona jirani anaita msaada."

"Bosi atanijua!"

"Huyo? Lini amekutazama usoni?"

Akaunganisha, gundi ikimwagika. Bosi alipotazama, tulisimama nyuma yake, kucha za Leota zikinizama mkononi. Taa zikawashwa.

"Yule jirani anayepiga kelele ni nani?" bosi akauliza. "Woga wake ni wa kweli kabisa. Namtaka aigize picha ijayo."

Nilidhani Leota atazirai.

"Hatapatikana, bosi," akasema. "Picha ijayo anaongoza."