Mazombi na Sahani ya Mwanangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wenzenu, msidhani nimekaa chini kusifu michezo ya kompyuta. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, huko Karungu, nikatoka kwenda kuanika dagaa wa omena na mama yangu. Naandika Kiswahili kwa sababu baadhi yenu mama zenu ni Wakuria na Dholuo, lugha yetu, hamkuipata sawasawa. Mahali nimekosea kuandika, nyamazeni, msome mbele.

Nawaambia habari ya mchezo wa mazombi uliokaa nyumbani kwangu wakati wote wa mvua kubwa, na habari ya mwanangu wa pili aliyekuwa akiucheza. Ukiuliza watu wa huku kwetu karibu na Rodi Kopany, watakuambia mchezo ule ulitaka kumharibu akili. Si kweli. Waliotaka kumharibu ni watu wazima wenye macho mawili, na wengine walikuwa ndani ya boma langu.

Mwanangu alikuwa akichimba dhahabu upande wa Migori. Shimo likaporomoka. Tukapigiwa simu kwamba wote waliokuwa chini wamekwisha, na udongo ule hauwezi kuondolewa. Tukalia. Hema likasimamishwa, viti vikaja kutoka kanisani. Na kwa kuwa hatukuwa na mwili, wazee wakafanya kama inavyofanywa kwetu mtu akipotelea ziwani asionekane: wakakata tunda la yago, lile refu na zito ambalo haliliwi, lizikwe badala yake. Mke wa mwanangu mkubwa akaleta shati, lile tunda likavikwa.

Kumbe yale mashimo hushikana huko chini. Mwanangu alikuwa ametokea shimo lingine, mguu umevunjika. Akaokotwa na watu asiowajua, akalazwa hospitali hana simu, hana kitambulisho, kichwa hakielewi. Alipopata akili akaomba nauli akaja. Alifika mchana, kaburi linachimbwa. Aliingia langoni na magongo yake mawili, akatusalimia.

Watu walikimbia. Hata aliyekuwa akiongoza maombi alikimbia, tena na Biblia yangu, na mpaka leo sijarudishiwa. Mimi sikukimbia, wala msiseme ni ujasiri. Magoti yangu hayakimbii. Nilimwambia akae, nikamwangalia mguu umevimba juu ya plasta. Maiti havimbi mguu mmoja. Nikajua ni yeye.

Lile tunda wazee walikwenda kulitupa mtoni wanakojua wao. Kaburi, kwa kuwa kaburi halifukiwi tupu, likatiwa mgomba. Kanisa nalo likaja likaomba. Nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Watu wa boda hapo Rodi walikataa kumbeba kwenda kubadilishwa plasta; mmoja alisema pikipiki yake ina bima ya watu walio hai. Ilibidi nimtafutie gari. Sokoni wanawake walikuwa wananiita kwa sauti tamu: "Nyar Karungu, marehemu amekunywa chai?" Nyar Karungu ndiye mimi, binti wa Karungu, ndivyo wanavyoniita hapa nilipoolewa. Nilimjibu mmoja kwamba amekunywa na ameuliza habari ya deni lako la nyanya, na huyo hakuniuliza tena.

Ya sokoni nayaweza. Iliyonishinda ni ya jikoni kwangu. Kwetu wanaume wa boma hula ugali sahani moja, mkono wa huyu, mkono wa yule. Mke wa mwanangu mkubwa, ambaye ndiye mpishi wetu, alianza kumpakulia mwanangu sahani yake peke yake. Anaiweka kizingitini, anaondoka kabla mwenyewe hajainuka kuichukua. Na mwanangu alikuwa akiichukua bila neno, kama mtu aliyekubali kwamba hapo ndipo pake. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu anaweza kutoka chini ya ardhi, lakini asipokula na watu bado hajafika. Mimi nilitaka ale na watu. Sikutaka kitu kingine. Nikasema nitangoja kidogo, maana hofu ya mtu haitoki kwa kupigiwa kelele.

Ndipo mjukuu wangu, binti wa binti yangu, alipokuja kutoka chuoni Homa Bay na kompyuta yake ile ya kukunja. Huyu hakuwepo wakati wa kilio, alikuwa kwenye mitihani. Yeye alikaa karibu na mjomba wake kama zamani, akamchokoza kwamba amenenepa kaburini, akamfungulia mchezo.

Nilipoona ni mchezo gani nilisema hapana. Nyumba bado ina harufu ya matanga, halafu unaniletea wafu wanaotembea mezani? Mjukuu akasema ni picha tu, Dani. Dani ni nyanya, kwa wale wasiojua. Nikamwambia azifunge hizo picha. Lakini mwanangu, ambaye tangu arudi alikuwa hasemi zaidi ya ndiyo na hapana, aliinua kichwa.

"Mama, niache nicheze. Hawa angalau wananifuata. Hawanikimbii."

Nikavuta kiti nikakaa nyuma yake. Mchana ule, na mchana mwingine mwingi baada yake, kila mvua ilipotufungia ndani, nilikaa hapo na kazi yangu ya kuchambua mboga. Kwa hiyo ninaposema juu ya mchezo huu sisemi ya kuambiwa.

Mchezo wenyewe ni hivi. Ugonjwa umepita nchini, karibu kila mtu amekufa na amesimama tena, anatembea akitafuta wa kuuma. Wewe umebaki. Hakuna anayekuambia uende wapi. Mji mzima ni wako, barabara, mashamba, msitu, mto, na kila nyumba unaweza kuingia, kila kabati unaweza kufungua. Unatafuta chakula, maji, nyundo, misumari, bandeji. Usipokula unakonda. Usipolala mikono inakosa nguvu.

Nilikuta mazuri ndani yake, nisiwafiche. Mchezo unakufundisha kunyamaza. Mwanangu alivunja kioo cha gari moja, gari likapiga honi, na mji mzima ukaja. Tangu siku hiyo alikuwa anatazama kwanza kabla hajashika kitu, na ningependa wengi wenu mjifunze hivyo. Tena kule mvua inanyesha kweli, nyasi zinameza barabara kidogo kidogo, baridi ikija unatafuta sweta. Ukitaka kunywa maji ya mto unayachemsha. Ukitaka viazi unalima, unapanda, unangoja, huwezi kuharakisha. Mwanangu alijifunza hata kushona suruali iliyoraruka. Mjukuu akamwambia, "Nera, ungekuwa unashona hivyo hapa nje, ungepata bibi." Nera, kwa Dholuo, maana yake ni "mjomba wangu". Mwanangu alicheka kwa pua. Kilikuwa kicheko kidogo sana, lakini nilikisikia.

Sasa mabaya. Kwanza stima. Inapotea bila kuaga, na kompyuta ya mjukuu betri yake ni mzee kuliko mimi, basi kazi yote ambayo mchezo ulikuwa haujaihifadhi imekwenda. Mtu anajenga ukuta mchana kutwa, akirudi ukuta haupo. Pili, huyo mtu wa mchezo ni mvivu wa kubeba. Magunia mawili ya mchanga anapumua kama anakufa. Mimi nilipokuwa na umri wake nilibeba kuni kichwani, mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Tatu, samaki. Kuna ziwa zima, mwanangu anavua vizuri, halafu samaki wanaoza. Nikasema awapasue awaanike juani. Mjukuu akasema mchezo haujui kuanika. Nikasema basi aliyeutengeneza hajawahi kuona njaa wala samaki, na hilo sikulisamehe mpaka leo. Tena kosa dogo linakuua. Mkwaruzo mmoja wa zombi, unajisikia vizuri, unakula, unalala, kesho homa, kesho kutwa umekwisha, na kila ulichojenga kimekwenda nawe. Wala hakuna kushinda. Mjukuu alinieleza kwamba mchezo wenyewe unasema tangu mwanzo utakufa, swali ni umeishi vipi kabla. Hapo sikubishana.

Lakini lililonichosha zaidi ni lingine. Kule hakuna wa kusalimia. Unaingia nyumba nzuri, vikombe viko, vitanda viko, hakuna wa kukuambia karibu. Siku moja nikamwona yule mtu wake ameketi sakafuni anakula maharagwe ya mkebe.

Nikauliza, "Huyu mtu wako anakula peke yake kila siku?"

"Hakuna mwingine, Mama."

Na wakati huohuo sahani yake ya kweli iliwekwa mlangoni, nikasikia nyayo zinaondoka upesi.

Basi ikaja siku mtu wake aling'atwa na zombi. Alikuwa amechoka, akapita dirishani badala ya mlangoni, mkono ukabaki nyuma ukaumwa. Mwanangu akamwacha afe polepole ndani ya nyumba aliyoijenga. Akaanza upya na mtu mwingine, kama mchezo unavyoruhusu. Ila mji ni uleule. Na mjukuu akamkumbusha kwamba yule wa kwanza sasa ni zombi, anatembea huko na mfuko wake mgongoni, shoka limo, mbegu zimo. Inafaa amfuate ampige avichukue.

Alitembea mji mzima kumtafuta, mvua ikinyesha kule na hapa kwetu pia. Akamkuta nyuma ya ile nyumba. Alikuwa na shati lilelile alilomvika mwenyewe siku ya kwanza, na ule mfuko. Akageuka, akaanza kuja, anaburuta mguu.

Mwanangu hakupiga.

"Nera, piga. Huyo ni wewe wa zamani, hakujui."

Hakupiga. Alikuwa ameshika kompyuta kwa mikono miwili. Yule akaja mpaka karibu, akamuuma, na huyu wa pili naye akafa bila kuinua mkono. Mjukuu alitaka kumcheka, akamtazama usoni, akaacha. Mwanangu akakunja kompyuta akaiweka juu ya meza taratibu.

"Mama, lile tunda mlilivika shati langu la bluu."

Nikasema ndiyo. Alikuwa ameliona siku ile aliyofika, limelala juu ya meza katikati ya hema.

"Nani alifunga vifungo?"

"Mke wa kaka yako."

"Alifunga mpaka juu?"

Nikasema mpaka juu. Sikuona sababu ya kumdanganya.

Halafu akasema hamlaumu shemeji yake. Akasema kule chini, alipokuwa anatambaa gizani, alijua yu hai kwa sababu mguu ulikuwa unauma. Sasa mguu umeacha kuuma, watu wanamkimbia, chakula kinawekwa mlangoni, na kuna asubuhi anaamka hana hakika ni nani aliyerudi nyumbani, yeye au yule wa shati. Alisema hayo bila machozi, kama mtu anayesema habari ya ng'ombe wa jirani. Mjukuu wangu alikuwa anaangalia sakafu.

Mimi si mtu wa kukumbatia watu. Niliinuka nikaenda jikoni.

Mke wa mwanangu mkubwa alikuwa anasonga ugali. Nilimuuliza kwa nini humpi shemeji yako chakula kwa mkono. Nilitegemea aniambie habari ya mapepo, na nilikuwa nimejiandaa kumkemea. Hakusema hivyo. Alishusha mwiko, akanionyesha viganja vyake.

"Mama, mikono hii ndiyo ilimvika. Nilimfunga vifungo mtu aliye hai. Akipokea chakula mkononi mwangu, kama kuna kitu nilimfanyia siku ile, si nitakuwa namalizia?"

Alikuwa ameishi na hilo tangu siku ile ya hema, anapika kila siku, hajamwambia hata mume wake. Na mimi kumbe nilikuwa nimemhesabia dharau. Mmoja ndani ya nyumba alikuwa haamini kama amerudi, mwingine jikoni alikuwa anamwogopea asife tena, na katikati yao sahani inawekwa chini kizingitini kama ya mbwa.

Nilimwambia mikono iliyofunga ndiyo hufungua, hakuna mwingine wa kumfanyia kazi hiyo, wala mzee wala mchungaji. Akauliza kama akikataa mwenyewe je. Nikasema huyo niachie mimi, nilimzaa.

Mwanangu mkubwa alikuwa amerudi kutoka shambani, yuko barazani anakwangua tope kwenye viatu. Mvua ilikuwa imekatika. Nikatoka nikasimama uani mahali wote wanisikie, aliye jikoni, aliye barazani na aliye ndani, na hata wale wawili waliokuwa wamesimama barabarani wakijifanya wanangoja pikipiki. Nikasema:

"Leo ugali ni mmoja na sahani ni moja, wanaume na wanawake pamoja, na meza iletwe hapa uani. Wewe uliyefunga vifungo chukua jagi na beseni, umnawishe shemeji yako mikono, yeye kwanza kabla ya mtu yeyote, kisha umpe tonge la kwanza. Na wewe uliye ndani toka ukae, usiningojeshe. Asiyeweza kumega pamoja naye alale na njaa, leo na kesho, mpaka aweze."