Ukambi Usiokauka

Nisameheni mwandiko huu na makosa yake, mkono wangu si mwepesi. Leo jirani anachemsha majani ya muarobaini na harufu imeingia hadi chumbani kwangu.

Mdogo wangu alipotokwa na vipele, alilazwa juu ya majani hayo, mlango ukafungwa.

"Ni ukambi," bibi alisema. "Na ukambi haupigwi sindano. Mkimpeleka hospitali mtamuua."

Tulilala naye mkeka mmoja asiwe peke yake. Vipele vikatunga usaha, nasi sote tukaanza kujikuna.

Uso wake ulipovimba, mama alimbeba kutoka kijijini kwetu Marafa hadi hospitali, mimi nikimfuata. Muuguzi alitazama kati ya vidole vya mtoto, kisha vya mama, kisha vyangu.

"Ukambi gani huu, mama? Huu ni upele, ule wa kuwasha unaoambukizana. Mjipake dawa nyote, siku moja." Akabonyeza miguu ya mtoto iliyovimba. "Lakini huyu mmemchelewesha, vidonda vimeshadhuru figo."

Alichomwa sindano, akalazwa. Alifariki kabla hakujapambazuka.

Sisi tulijipaka, tukapona. Bibi alishikilia kwamba ni ile sindano iliyomuua.

Niandikieni, ninyi mnaosoma haya, hata mistari miwili. Niambieni kwenu aliaminiwa nani, bibi au muuguzi.