Rambo la Bluu la Mama Mkwe

Siku niliyoripoti kazini Kilosa nilivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na viatu vya kuazima vilivyonibana vidole. Afisa Afya wa Wilaya wa wakati ule alikuwa mzee mwembamba aliyependa kuongea huku amefumba macho. Cheti changu hakukitazama. Aliniuliza, "Kijana, ukifika nyumbani kwa mtu unaanza na nini?"

Nikajibu kama tulivyofundishwa chuoni. "Choo, mzee. Halafu jiko, halafu shimo la taka."

"Unaanza na salamu," akasema. "Bwana afya anaingia chooni na jikoni kwa watu, mahali ambapo hata ndugu hawaingii hovyo. Ukiwavunjia heshima mara moja, watakuficha ugonjwa mpaka uzike nusu ya kijiji."

Hofu iliniingia siku ile na mpaka leo haijatoka. Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mna pikipiki na simu za kupigia picha ushahidi. Sisi tulikuwa na baiskeli, daftari na woga wa kumkosea mtu. Msiudharau woga huo, ulitufanya tupige hodi kwa adabu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Masanze. Huko nilijifunza ukaguzi wa kaya, yaani kupita nyumba kwa nyumba na kuangalia wanakunywa maji gani na wanajisaidia wapi. Mwenye kosa alianza kwa onyo la mdomo. Akirudia, alipewa notisi, karatasi yenye mhuri inayomtajia kosa na siku za kulirekebisha. Mahakama ilikuwa ya mwisho kabisa, na mimi niliiogopa kuliko hao niliotakiwa kuwapeleka.

Kutoka hapo nikahamishiwa Mamboya, milimani, na huko ndiko nilikooa. Mama wa mke wangu sitamtaja jina, maana hata leo silitamki. Kwa wazee wale, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, wewe kijana unaingia pembeni, unainamisha kichwa, unatoa shikamoo yako, naye anaitikia marahaba huku anaangalia migomba. Mzigo wake huugusi. Neno lako kwake linapita kwa mtu mwingine, na lake vilevile.

Mwaka mmoja kipindupindu kikapiga hodi wilayani. Nikaitisha mkutano wa akina mama kwenye uwanja wa kanisa nikawafundisha kwamba chakula kilichoachwa wazi kinaua. Nikainua rambo, hii mifuko ya nailoni ya kubebea bidhaa, nikasema, "Fungeni chakula humu! Inzi hapiti, vumbi halipiti!" Mama mkwe naye alikuja. Alikaa nyuma kabisa, ametugeuzia mgongo, somo lote akalisikiliza hivyo hivyo. Tangu siku hiyo kila chakula alichotuletea kilifika kimefungwa ndani ya rambo la bluu, mafundo mawili, na mke wangu ndiye aliyelipokea.

Nilipopelekwa Tindiga nikaendelea na somo lilelile kwenye mabucha. Nyama ilikuwa inafungwa kwa magazeti ya zamani na wino unabaki kwenye mafuta. Nikapiga marufuku gazeti, nikasisitiza rambo, na wauza nyama wakanisikiliza. Nilijiona mtu wa maendeleo haswa. Lakini asubuhi moja, katika ukaguzi wa nyama machinjioni, tulipasua tumbo la ng'ombe aliyekondeana bila sababu tukakuta donge la nailoni, limejisokota, kubwa kuliko kichwa changu. Mchinjaji akaniuliza, "Bwana Afya, hii nini tena?" Nikamwambia alifukie. Sikuandika chochote kwenye daftari. Nilijua ni nani aliyekuwa anahubiri rambo Tindiga nzima, na niliona aibu.

Mikumi ilikuwa kituo changu cha mwisho. Pale barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, na abiria hununulia machungwa na vitunguu dirishani. Wakishakula, rambo linatoka dirishani, upepo unalichukua, kesho unaliona limening'inia kwenye miiba ambako swala wanakula. Kwa hiyo katazo la mifuko ya plastiki lilipotangazwa nchi nzima, nilikuwa wa kwanza kusema moyoni, afadhali.

Watu hawakusema afadhali. Mama lishe aliniuliza atamfungia kwenye nini dereva wa lori anayetaka wali na maharage ya kuondoka nayo. Muuza nyama mmoja, ambaye zamani nilimfundisha mwenyewe kule Tindiga, alinicheka mbele ya wateja: "Bwana Afya, gazeti ulikataa, majani ya mgomba ukasema ushamba, rambo umelisifia wewe. Leo nyama nifungie kwenye kofia yako?" Wengine walikusanya mifuko yao wakaileta kwa hiari, wengine waliificha chini ya magodoro utadhani ni bangi. Bibi mmoja alilia kweli kweli, kwa sababu ndani ya mfuko wake ndimo alimotunza kadi ya kliniki na picha ya marehemu mumewe. Nikamwachia picha na kadi, nikabaki na mfuko mkononi, nikijiona mwizi.

Mkuu wangu wa Mikumi alikuwa kijana kuliko mimi, mtu wa maneno machache. Asubuhi ya ukaguzi wa stendi alitukusanya akasema, "Kwenye hili hakuna ndugu. Atakayeonekana kapendelea, ataandika maelezo." Nilibakiza miezi michache nistaafu. Miaka yote ile sikuwahi kuandika maelezo, barua ile ya kujitetea kabla ya adhabu, hata mara moja.

Tukasimama mlangoni mwa stendi, mbele yetu meza ya kukusanyia mifuko. Mama Zuhura, muuza machungwa mwenye sauti ya kuita basi zima, alikuwa wa kwanza kutoa bunda lake la rambo, akilalamika lakini anatoa. Nyuma yake wenzake wakapanga foleni. Basi la kutoka Kilosa likaingia, abiria wakaanza kushuka. Wa nne kushuka alikuwa mama mkwe.

Hakuwa ametuarifu kama anakuja. Alikuwa na kikapu kichwani kimefunikwa khanga, na pembeni mwa khanga kimechomoza kipande cha bluu ambacho ningekitambua hata gizani. Alikuja moja kwa moja mlangoni, maana njia ilikuwa hiyo tu. Na mimi nikafanya nilichofanya maisha yangu yote nikimwona: nikaingia pembeni, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Akapita.

Sikukusudia kumpendelea. Miguu ndiyo iliyosogea. Ila nilipoinua kichwa, Mama Zuhura alikuwa ameshika kiuno.

"Eti Bwana Afya! Na lile la bluu je?"

Nikajifanya naandika kitu kwenye daftari.

"Yule kapitaje? Au la kwake si nailoni?"

"Mama mkwe wake huyo!" mtu akadakia. Stendi ikalipuka kwa kicheko, na kicheko kikageuka hasira. Mama Zuhura akachukua bunda lake mezani mbele ya macho yangu, wenzake nao wakachukua ya kwao, ukaguzi ukavunjika. Kabla ya adhuhuri mkuu aliniita. Alisema kwa upole, na upole ule uliniumiza zaidi: "Kesho stendi hiyo hiyo, mzee. Ukishindwa, lete maelezo."

Nyumbani nilimkuta mama mkwe yuko jikoni na binti yake. Nikamwita mke wangu uani, nikamwomba achukue rambo lile.

"Nimwambieje?" akauliza. "Kwamba mkwe wake kamwona mhalifu?"

"Mwambie ni sheria."

"Mwambie mwenyewe basi. Si huwezi? Na mimi siwezi." Akarudi ndani. Chakula kililetwa kimefungwa mafundo mawili, sikukigusa. Nilikuwa nachagua kati ya jina langu kazini na heshima ya nyumba yangu, na kila nilichoshika kilinichoma.

Asubuhi nikaenda stendi na karatasi ya maelezo mfukoni, bado tupu. Mama Zuhura na wenzake walikuwa wananisubiri mikono kifuani. Mara watu wakaanza kupisha. Mama mkwe alikuwa anakuja, bila kikapu. Alisimama hatua kadhaa kutoka nilipokuwa, akanigeuzia mgongo, akamtazama Mama Zuhura.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "nisaidie kumwambia huyo mtu wa serikali. Mwambie kule kwetu alikuja bwana afya, akasema chakula kisichofungwa kinaua. Nikamwamini. Mfuko huu nimeufua na kuuanika miaka na miaka, sijaupoteza. Sasa muulize, yule ndiye aliyenidanganya, au ni huyu?"

Mama Zuhura, aliyekuwa tayari kunirarua, akashusha mikono. Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa ya chini. "Umesikia, Bwana Afya. Nimjibu nini?"

Nikasema, "Mwambie mama hakuna aliyemdanganya. Ila yule bwana afya alifundisha nusu. Alifundisha kufunga, hakufundisha mfuko unakwenda wapi ukishafunguliwa. Aliona tumboni mwa ng'ombe unakokwenda, akanyamaza. Mwambie namwomba radhi."

Mama Zuhura akayarudisha maneno yale yote, moja moja, kama vile mama hakuyasikia. Mama mkwe akatoa rambo la bluu kifuani, limekunjwa kama leso, akampa Mama Zuhura, naye akaniwekea mkononi. Lilikuwa bado na joto. Mama mkwe akaondoka bila kugeuka. Mama Zuhura akalitupa bunda lake mezani, na wengine wakafuata.

Kwenye ripoti niliandika jina la mtu wa kwanza kupewa onyo la mdomo: langu. Mkuu aliisoma, akaweka sahihi. Nikastaafu salama, na katika hotuba walinisifu kwa uadilifu huku natazama chini.

Siku hizi tunakwenda Mamboya mara kwa mara. Mama mkwe amezeeka, bado hatutazamani. Chakula chetu sasa analeta kwenye ungo, wazi, bila kifuniko wala khanga, na makawa ya kufunikia chakula yapo tele jikoni kwake. Mke wangu anasema mama yake kasahau tu. Mimi sijui kama ni usahaulifu au ni jibu lake kwangu, na hakuna wa kumtuma kuuliza. Ninaona inzi anatua kwenye ugali, anatembea, anasugua mikono yake. Naanza kuhesabu kichwani siku ambazo kipindupindu huchukua kujitokeza, kama nilivyofundishwa, kisha nanawa. Nakula wote, mpaka tonge la mwisho.