Mjomba alivyoweka ganda la risasi kwenye kaunta ya supplier wangu, Guangzhou

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Wale wa "weka picha", picha hakuna. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini hakuna aliyekuwa na hamu ya kupiga picha.

Mimi ni dada yenu, nafanya biashara ya mikoba huku Guangzhou, China. Nanunua Shiling, mji wa mikoba na ngozi pembeni ya jiji, naunganisha kontena na wenzangu, mzigo unaenda Dar.

Nina mjomba Tabora. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ni mwindaji, bunduki anaimiliki kihalali, kibali cha kuwinda anakata kila msimu. Na risasi zake anazijaza mwenyewe nyumbani.

Kwa wasiojua, ukishafyatua risasi, ganda la shaba linabaki. Mjomba halitupi. Analisafisha, anabadilisha kiwashio cha kitakoni, anapima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, anabana kichwa kipya. Ana chumba chake maalum cha kazi hiyo, na akishaingia humo hata mkewe hamsemeshi. Nilipokuwa mdogo nilijua mjomba ni mganga, nikawa namwogopa kweli.

Shida ni kwamba bunduki yake ni ya zamani. Maganda ya saizi yake hayapatikani tena, na aliyonayo yameanza kupasuka shingoni kwa kujazwa mara kwa mara. Mzee alikuwa anaumia, maana uwindaji ndio maisha yake.

Basi akapanga kuja kunitembelea, akasema pia anataka kuangalia viatu vya kuuza. Nikamwambia kwenye simu kile tunachomwambia kila mgeni wa biashara: mjomba, ukitaka kitu kitengenezwe huku, usije na maelezo, njoo na sample. Unaiweka mezani, unasema nataka kama hii, maneno yameisha.

Mimi hapo naongelea viatu, wakuu.

Akafika. Nikampumzisha hotelini Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, kisha tukakodi gari kwenda Shiling. Kituo cha kwanza ni duka la vifaa vya mikoba: buckle, zipu, minyororo, pete za shaba. Mwenye duka ni mama tuliyezoeana muda mrefu, wateja tunamwita laobanniang, yaani bosi mwanamke.

Nikiwa nachagua rangi za buckle, nikasikia kitu kimegonga kioo cha kaunta.

Kugeuka, mjomba kaweka ganda la risasi mbele ya laobanniang. Anatabasamu. Anamwonyesha kwa kidole: "Same same. Many."

Nikaziacha buckle palepale.

Yule mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga rafu. "Bu yao! Bu yao!" Sitaki, sitaki. Na huyu ni mtu ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukataa order ya mtu.

Nikalinyakua lile ganda, nikamshika mjomba mkono, tukatoka.

"Mjomba, hii imefikaje huku?"

"Kwenye begi kubwa. Hakuna aliyeniuliza. Sasa wewe mbona unanivuta hivi? Ni ganda tupu, halina baruti. Kama wanatoa buckle kwa sample, ganda watashindwaje?"

Na ukiangalia kwa jicho lake, mzee alikuwa anafikiri sawasawa. Shaba ni shaba. Alifuata nilichomfundisha, neno kwa neno. Ila huku mambo ya silaha hayana mzaha hata chembe, iwe tupu au imejaa, na leseni ya Tabora haimsaidii mtu Guangzhou.

Nikamweleza. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Basi tulitupe kwenye pipa lile, twende tukale."

Nitakuwa mkweli, nilitamani. Lakini kamera zipo kila kona, laobanniang ameona, na namba yangu anayo. Tukilitupa tunakuwa watu waliokuja na kitu cha risasi na kukificha. Kilichokuwa kinaniuma zaidi si mzigo wala visa. Nilikuwa namuona mkewe kule Tabora anapokea simu yangu kwamba mume wake kafungwa China.

Nikasema, "Mjomba, tunakwenda polisi."

"Unipeleke polisi? Mimi niliyekulea?"

"Ndiyo mjomba. Sasa hivi."

Akanifuata nyuma. Kila hatua nilikuwa naogopa, lakini sikusimama, maana nilijua nikisimama nitageuza.

Kituoni nikaweka ganda mezani, nikaeleza kwa Kichina changu cha sokoni na app ya kutafsiri: huyu ni mjomba wangu, ni mwindaji halali kwao, alileta kama sample, hakujua, tumekuja wenyewe. Wakatukalisha. Akaja askari mkubwa kidogo, mtulivu, akauliza swali moja tu kupitia simu.

Je, kuna mengine?

"Hakuna," akasema mjomba.

Alijibu haraka mno. Yule mzee namjua, ukimuuliza kitu hata kama ni chai ameshakunywa, anafikiri kwanza.

Sasa wakuu, mnajua mila zetu. Mjomba humpingi mbele za watu. Na huyu si mjomba tu, ni baba kwangu. Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kiswahili:

"Mjomba, hawa watakwenda kupekua begi lako. Sema mwenyewe, au nitasema mimi."

"Unaniita muongo mbele za watu?"

"Ndiyo, mjomba."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Machozi yakanilenga lakini sikuangalia chini. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akinichukia maisha yote sawa, mradi arudi kwake.

Akavua kofia, akaishika magotini.

"Yamo kwenye soksi. Kwenye begi, hotelini."

Tukaenda nao mpaka Xiaobei. Soksi ikatolewa, maganda yakamwagwa kitandani, yakapigwa picha, yakachukuliwa. Maelezo yakaandikwa, dole gumba la mjomba likapakwa wino mwekundu, likagandamizwa kwenye karatasi kama saini. Pasipoti ya mjomba ikabaki kwao mpaka kesho yake, na usiku ule ndio nilijua maana ya kutolala.

Wakairudisha na onyo kali. Wakati wa kuondoka yule askari akaniambia laobanniang alishawapigia simu kabla hatujafika kituoni. Walikuwa wanajiandaa kutufuata.

Sikumlaumu yule mama. Ningekuwa yeye ningepiga pia.

Mjomba alirudi salama. Uwanja wa ndege hakuniaga vizuri, alinipa mkono tu. Niliumia sana, ila sikuomba msamaha, na sitaomba.

Ninachowaambia mnaopokea wageni huku: msiishie kusema "leta sample". Ulizeni sample ya nini, tena kabla mtu hajafunga begi. Na wawindaji mlioko humu, vitu vyenu hata picha zake kwenye simu msiwaonyeshe wenye maduka. Agizeni kwa njia zake hukohuko nyumbani.

Majuzi mkewe kanipigia anacheka. Anasema mjomba ameshawasimulia wawindaji wenzake wote: eti alipogundua kosa, yeye mwenyewe ndiye aliyenishika mkono kunipeleka polisi, mimi nikiwa nalia nataka tulitupe ganda kwenye pipa.

Mkewe akauliza kama ni kweli.

Nikamwambia ni kweli kabisa. Mwache asimulie anavyotaka, shangazi, anasimulia akiwa nyumbani kwake.

Nyie mngempinga mzazi wenu mbele ya polisi? Semeni ukweli, matusi nimeyazoea.