Biri Alizosokota Mkewe

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kiwandani, mtaani, hata kwa muuza maziwa, aliitwa Shavu, na wala hakuwa na mashavu ya kusifika. Uso wake ulikuwa mkavu, mifupa mitupu. Jina lilitokana na kazi. Katika kile kiwanda kidogo cha kusokota biri, zile sigara nene za kahawia ambazo wenye nafasi huzivuta baada ya kula, yeye ndiye alikuwa mtunza majani, na jani alilipima kwa shavu la kushoto. Mkono wa kulia umeshika ufagio wa kunyunyizia maji, wa kushoto unachomoa jani kwenye fungu, unalilaza shavuni, macho yanafumba. Kisha anasema bado, au anasema chukueni. Hakuna aliyebisha.

Na msidhani ni kazi ya mchezo. Biri ina tumbo na ina ngozi. Tumbo ni majani ya ndani, hayo hata yakiwa na makunyanzi nani atayaona? Ngozi ni jani moja la nje, jembamba, la kuchagua, linaloviringishwa juu ya yote, na ndilo mnunuzi analolitazama. Ngozi ikikauka hupasuka mkononi mwa msokotaji. Ikizidi maji hufanya madoa, na ikikaa hivyo huota kuvu, na ikiota kuvu ni ya kutupa. Nafasi iliyopo kati ya ukavu na uchepechepe ni finyu, na Shavu aliishi humo tangu ujana wake, ndani ya chumba kisicho na dirisha, sakafu ya matofali yenye maji, magunia mabichi yamening'inia ukutani. Kikohozi cha chumba kile kilikuwa mali yake kama koti lake.

Wakimuuliza kwa nini asipime kwa vidole kama watu wengine, aliwajibu kwamba vidole ni waongo, vimeshazoea maji. Shavu halijazoea kitu.

Mkewe alikuwa msokotaji, meza ya karibu na mlango, na ulimi alikuwa nao. Siku ya kwanza alipopelekewa majani na kijana huyu mrefu aliyenyamaza, aliyarudisha. Akasema yamekauka kama maneno ya mchumba asiye na nia. Meza zote zikaangua kicheko, na Shavu akarudi chumbani kwake masikio yanawaka, akanyunyiza upya, akapima, akapeleka. Yakarudishwa tena. Alipokwenda mara ya tatu, yule binti hata hakuyagusa. Alimtazama yeye tu, akacheka. Kumbe majani yalikuwa mazuri tangu mwanzo, jamani. Alitaka tu kumwona akija tena. Ndivyo walivyooana, na maisha yao yote huyo ndiye mtu pekee aliyethubutu kumwambia Shavu kwamba majani yake si mazuri. Wengine walichukua walichopewa.

Naye mke alivuta. Majirani walisema weee mpaka wakachoka, mwanamke na biri mdomoni, na yeye akawaacha waseme. Jioni alivua viatu, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, na hapo alikuwa na sheria zake. Biri huichomi kama kuni. Unaipasha moto ncha taratibu huku unaigeuza, mpaka ikubali yenyewe. Moshi wake ni wa kuonja, si wa kumeza. Majivu unayaacha yarefuke. Na ikifika mwisho huikandamizi; unailaza juu ya kigae, inazimika polepole, maana hata biri, alisema, ina haki ya kufa kwa heshima. Shavu alikaa pembeni yake, akapokea, akavuta mara moja mbili, akarudisha. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha.

Kisha zikaja figo. Miguu ikamvimba mama wa watu, mikono ikaanza kutetemeka, akaacha kazi. Akamwomba mumewe amletee majani nyumbani. Shavu alimchagulia ngozi ambazo hakuwahi kumchagulia mnunuzi yeyote, na msimamizi alijua, akageuza uso upande wa pili. Mgonjwa akakalishwa kitandani, ubao mapajani, akasokota. Siku nyingine alimaliza biri moja, siku nyingine alifika katikati, mkono ukagoma, akaifumua yote na kulala. Alienda hivyo hivyo mpaka sanduku dogo la mwerezi likajaa. Akalifunga, akalisukuma kwa mumewe juu ya shuka.

"Hizi ni zako. Jioni ikikulemea, washa moja," alimwambia. "Usinifanyie ubahili, Shavu."

Shavu akaahidi. Mke akafa kabla mvua hazijaanza.

Ahadi ni deni, na hili Shavu alilikalia. Jioni ya kwanza aliyobaki peke yake alitoa biri moja, akainusa, akairudisha. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kila atakayoivuta ni kazi moja ya mikono ile iliyopungua duniani, na mikono haipo ya kusokota nyingine. Basi akatafuta kipande cha mtungi uliovunjika, akakilowesha, akakifunga kitambaa, akakiweka kwenye kona ya sanduku ili zisikauke. Kila jioni, giza likishaingia, alikaa kwenye kizingiti kilekile, akafungua, akachukua moja bila kuitazama, akailaza shavuni, akafumba macho. Ikiwa sawa alifunga. Ikiwa kavu aliongeza matone kwenye kigae. Wengine wana uraibu wa kuvuta. Yeye alipata uraibu wa kutovuta.

Bintiye, fundi cherehani aliyeishi ng'ambo ya barabara na kumletea chakula, hakuupenda mchezo huo hata kidogo. Alimwambia babake waziwazi kwamba mama alisokota biri zivutwe, hakusokota zizikwe mara ya pili.

"Akiba haiozi, mama," Shavu alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi moja aliamka nusu ya uso wake haikuamka. Chai ilimchuruzika kwenye ndevu bila yeye kuisikia. Alijiambia amelalia vibaya, akajisugua, akangoja. Baada ya siku chache mdomo ulirudi kidogo, kiasi cha kufichika ndani ya ndevu, na bintiye alipomuuliza mbona anaongea kivivu, alisingizia jino. Ila shavu la kushoto halikurudi. Alilipiga kofi, ikawa kama amepiga gunia.

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nani asiyeujua usemi huo? Yeye mwenyewe aliwahi kuwaambia wenzake. Lakini mwambie mtunza majani aliyepimia shavu maisha yake yote kwamba shavu limekufa, halafu umuulize ataitwa nani kuanzia kesho. Aliogopa. Mzee mzima aliogopa kuliko alivyoogopa kaburini kwa mkewe.

Mtasema si ana shavu la kulia? Analo. Lakini kubadilisha upande mbele ya watu kungekuwa kujitangaza, na hata alipokuwa peke yake mkono ulikwenda ulikozoea. Na ubaya wa shavu lililokufa ni huu: halisemi sijui. Jani bichi lina ubaridi wake, lina ulaini wake, na hivyo vyote havikufika. Kwa hiyo kila jani alilolilaza pale lilikuwa kavu. Akanyunyiza. Akapima, kavu. Akanyunyiza tena.

Pale mezani wasokotaji walipokea majani yanayochuruzika. Wakatazamana. Angekuwepo yule wa karibu na mlango angeyarudisha kwa kelele, na kicheko kingefika barabarani. Hawa walimheshimu mno mzee wao. Wakayakamua majani kwenye aproni zao kimyakimya, wakayatandaza kwenye mwanga wa dirisha, wakasokota yaliyopona na kuyatupa yaliyobaki, na kila asubuhi wakamwamkia Shavu kwa adabu. Upendo wao ndio uliomharibia. Hakuna aliyesema neno mpaka mnunuzi aliporudisha makasha mazima yenye madoa ya kijani.

Msimamizi alimwita ofisini akampa kiti. Mkubwa akikupa kiti kabla hujakiomba, jiandae. Alimwambia mzee umetumika sana, sasa pumzika, vijana wapo. Shavu alibisha kwamba majani siku hizi yanakuja makavu kutoka shambani, kavu kabisa, mtu hajapata kuona. Msimamizi aliitazama meza yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomvunja Shavu nguvu, kwa sababu hakupata wa kumkasirikia. Akachukua koti lake, akapita katikati ya meza, na wote wakainamisha vichwa kama wana kazi nyingi.

Alifika nyumbani jua lingali juu. Bintiye alimwona kutoka dirishani kwake, akaacha nguo ya mteja kwenye cherehani, akavuka barabara, maana babake hakuwahi kurudi saa zile. Alimkuta ameshaketi kwenye kizingiti cha nyuma na sanduku mapajani. Shavu alimsimulia kwa maneno machache. Kisha akasema leo jioni imewahi kufika, na imemlemea, atawasha moja.

Bintiye alifurahi, maskini. Alikwenda kuleta kiberiti, akaleta na kigae cha mama, akaketi pale mama alipokuwa akiketi.

Shavu akafungua. Harufu ndiyo iliyotangulia, ile ile ambayo kwa muda mrefu binti alikuwa akiilalamikia kwamba nyumba inanuka soksi mbichi, na babake akisingizia paa linavuja. Kigae cha kona kilikuwa kimezama majini. Biri zilikuwa zimeota manyoya meupe, zimeshikana, ngozi zimevimba na kuachana na matumbo. Shavu alichomoa moja na ngozi ikabaki kwenye ya jirani. Akailaza shavuni, upande wake uleule, akafumba macho.

"Zimekauka," alisema. "Nilijua. Hazipati maji ya kutosha."

Maji ya kahawia yalikuwa yanamtiririka shavuni, yanaingia kwenye ndevu, yanadondoka kwenye kola ya shati. Bintiye aliyatazama yakidondoka. Akamwambia baba, hii imelowa chepechepe. Shavu akakasirika, akamwambia yeye ni mtu wa nyuzi, majani hayajui. Binti aliichukua ile biri mkononi mwa babake, akaihamisha, akailaza kwenye shavu la kulia.

Shavu alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Alikaa hivyo, macho yamefumba, na mkono wa binti umeshikilia pale pale.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

Alimwambia. Yote alimwambia, chai, jino la uongo, majani ya kiwandani. Alipofika kwenye majani ya kiwandani aliwaona sasa wasokotaji wote, wamesimama na aproni zao mbichi wakimwamkia kwa adabu. Akasema kesho atakwenda hospitali. Binti akasema watakwenda leo. Akasema sawa, leo, lakini kwanza avute moja.

Wakazibandua moja moja. Nyingi zilikuwa zimeoza hadi ndani, zikawekwa kando kwenye gazeti. Chini kabisa, kwenye kona iliyo mbali na kigae, ilipatikana moja ambayo kuvu ilikuwa imekula ngozi tu. Binti aliivua ngozi ile kwa kucha zake za fundi, akaitupa, akaipangusa biri kwa upindo wa kanga yake, akaipasha moto taratibu huku akiigeuza. Ilichukua muda. Ilikataa, ikatoa povu, ikakubali. Ilikuwa mbaya kutazamwa, uchi, makunyanzi matupu, lakini ilisokotwa na mkono uliojua kazi na haikufumuka.

Shavu akaitia mdomoni akavuta. Hakukuja kitu. Pembe ya kushoto ya mdomo wake haikufunga, hewa ilipitia hapo, na moshi kidogo uliofika ulitokea hapo hapo kabla hajauonja. Akajaribu tena. Akaishusha biri, akaitazama, na machozi yakamtoka kwa jicho moja na jingine.

Binti akasogea. Akaweka kidole chake kwenye ile pembe ya mdomo wa babake, akaifunga, akamwambia vuta. Akavuta. Moto ukang'aa. Akaushika moshi mdomoni kama marehemu alivyofundisha, bila kuumeza, kisha binti akaondoa kidole na moshi ukatoka.

Walifanya hivyo mpaka biri ikafupika, yeye akivuta, binti akifunga.

"Ningezivuta," Shavu alisema mwishoni. "Zilipokuwa nzima, na mimi nilipokuwa mzima. Aliniambia."

Binti alimpokea kipande kilichobaki akakilaza juu ya kigae, hakukikandamiza. Alimvalisha babake koti, akafunga mlango wa mbele, wakatoka kwenda hospitali, na nyuma yao biri ikaendelea kuzimika yenyewe.